Florence Nightingale: Taa na Daftari la Hesabu

Kila mwaka tarehe 12 Mei wauguzi wa nchi nyingi, wa kwetu wakiwemo, huadhimisha siku yao. Wengi huwasha mishumaa wakamkumbuka mwanamke mmoja wa Kiingereza aliyezaliwa tarehe hiyo mwaka 1820. Jina lake ni Florence Nightingale. Sisi tuliofundisha shule kwa miaka mingi tulizoea kuwasimulia watoto ya kwamba usiku, wakati madaktari wamekwisha kulala, Bibi huyu alipita kati ya vitanda vya askari majeruhi akiwa na taa mkononi. Habari hiyo ni ya kweli, wala hatukusudii kuifuta. Lakini sasa tumestaafu na tumepata nafasi ya kusoma maisha yake kwa utulivu, na tumetambua ya kuwa tuliwafundisha watoto nusu tu ya habari yenyewe. Taa ile aliishika kwa muda usiotimia miaka miwili. Kitu alichokishika kwa muda mrefu wa maisha yake kilikuwa daftari la hesabu.

Tumeona vema kuandika habari zake kwa sababu wengi miongoni mwetu huchaguliwa kuingia katika kamati za zahanati na hospitali, au kuwa waweka hazina wa michango ya wagonjwa. Kazi hiyo haina mshahara, na mara nyingi haina shukrani. Tena ni kazi ambayo mtu anaweza kuifanya vibaya huku moyo wake ukiwa mzuri kabisa. Bibi Nightingale alilijua jambo hilo kwa uchungu, kama tutakavyoona.

Alizaliwa katika mji wa Florence, nchini Italia, wakati wazazi wake walipokuwa safarini, naye akapewa jina la mji huo. Dada yake mkubwa, aliyezaliwa Naples mwaka mmoja kabla yake, aliitwa Parthenope, ambalo ni jina la kale la mji wa Naples. Jamaa hii ilikuwa tajiri. Walikuwa na nyumba kubwa mbili Uingereza, moja Derbyshire na nyingine Hampshire. Baba yao, Bwana William Nightingale, aliwafundisha binti zake mwenyewe: Kilatini, Kiyunani, historia, na falsafa. Florence alipenda hesabu kuliko kitu kingine chochote. Siku zile wengi waliona ni ajabu msichana kupenda hesabu, na mama yake hakufurahi.

Mwezi wa Februari 1837, akiwa na umri wa miaka 16, Florence alisadiki ya kuwa Mungu amemwita amtumikie. Lakini hakujua ni utumishi gani. Miaka ikapita katika karamu, ziara na mazungumzo ya sebuleni, naye moyoni akinung'unika. Alipokuwa akiwatembelea wagonjwa maskini wa vijiji vya karibu, polepole alianza kuelewa. Mwaka 1845 aliwaomba wazazi wake ruhusa ya kwenda kujifunza uuguzi katika hospitali ya mji wa Salisbury. Wazazi walishtuka, wakakataa katakata. Hatuwezi kuwalaumu sana. Wakati ule kazi ya kuwauguza wagonjwa hospitalini ilihesabiwa kuwa ya wanawake wasio na elimu wala sifa njema, na ulevi ulikuwa jambo la kawaida miongoni mwao.

Basi alingoja. Mwaka 1849 alikataa kuolewa na mtu mwema aliyempenda kwa miaka mingi, kwa kuwa aliona ndoa ile ingemrudisha kwenye maisha ya sebuleni. Huku akingoja, hakukaa bure. Aliamka alfajiri kabla ya watu wa nyumbani, akasoma taarifa za hospitali na za afya ya watu, akijazia madaftari yake hesabu na maelezo. Mwaka 1851 hatimaye alikaa miezi mitatu Kaiserswerth, karibu na mto Rhine katika nchi ambayo leo ni Ujerumani. Huko Mchungaji Theodor Fliedner alikuwa ameanzisha nyumba ya mashemasi wa kike, yenye hospitali, kituo cha yatima na chuo cha walimu. Florence aliona kwa macho yake wanawake wenye sifa njema wakiuguza wagonjwa kwa utaratibu na kwa sala.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo vitabu vya shule huiruka. Mwezi wa Agosti 1853, akiwa na umri wa miaka 33, alikubali kuwa msimamizi wa hospitali ndogo ya hisani mjini London, katika mtaa wa Upper Harley Street. Nyumba ile ilikuwa kwa ajili ya wanawake wagonjwa wenye elimu lakini wasio na mali, na wengi wao walikuwa walimu waliofundisha watoto katika majumba ya matajiri. Sisi walimu tunaielewa hali ile vizuri: mtu anafundisha watoto wa wenzake miaka ishirini, na siku anapougua hana mahali pa kulala. Hospitali iliendeshwa kwa michango ya wafadhili, chini ya kamati mbili, moja ya mabibi na nyingine ya mabwana. Florence hakupokea mshahara. Baba yake alikuwa amekubali kumpa pauni 500 kwa mwaka ili ajitegemee.

Alikuta mambo yako ovyo. Mashuka yalikuwa yamechakaa, vyakula vilinunuliwa kidogo kidogo dukani kwa bei ya juu, na hakuna aliyejua kwa hakika ni kitu gani kimo ghalani. Akaanza na mambo madogo. Alihesabu mashuka na mito. Alianza kununua vyakula kwa jumla, na jemu ikapikwa palepale nyumbani kwa gharama ndogo kuliko ya dukani. Alidai maji ya moto yapelekwe kwa mabomba hadi ghorofa ya juu. Alidai chombo cha kupandishia chakula, ili muuguzi asipoteze nguvu zake akipanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Tena alidai kengele za wagonjwa zipangwe hivi kwamba muuguzi akisikia mlio aone mara moja ni chumba gani kinachoita. Mwenye haraka atasema hayo ni mambo ya nyumbani tu. Lakini kila saa ambayo muuguzi hakuitumia kwenye ngazi, aliitumia kando ya kitanda.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa kamati. Kamati ilitaka wapokelewe wagonjwa wa Kanisa la Uingereza tu. Florence, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa Kanisa hilo hilo, alikataa. Alisisitiza kwamba Wakatoliki na Wayahudi wapokelewe pia, na viongozi wao wa dini waruhusiwe kuja kuwaona, la sivyo yeye hafanyi kazi ile. Kamati ikakubali. Pia alijifunza namna ya kuishi na wanakamati. Alimweleza baba yake kwa barua ya kuwa, akiwa na wazo jema, hakulitoa mwenyewe mkutanoni. Alilipanda katika masikio ya mmoja wao, na huyo alipolitoa kama wazo lake, kamati ililipitisha bila ugomvi. Alikuwa amekuja akidhani kwamba haki ikisemwa wazi inatosha. Kila miezi mitatu aliwapelekea wakuu wa hospitali taarifa ya kazi, gharama na hali ya wagonjwa.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti 1854, kipindupindu kilizuka mtaa wa Soho, nao wagonjwa wakajaa katika hospitali ya Middlesex. Florence alikwenda kujitolea huko, akawahudumia wanawake walioletwa usiku na mchana. Kumbe hayo yote yalikuwa maandalizi.

Wakati huo Uingereza, Ufaransa na Uturuki zilikuwa zikipigana na Urusi katika vita vya Crimea. Magazeti ya London yalitangaza habari za kutisha: askari wagonjwa na majeruhi walikuwa wakifa bila matunzo, hawana hata bendeji za kutosha. Watu wakakasirika, michango ikakusanywa. Bwana Sidney Herbert, waziri wa vita na rafiki wa Florence, alimwandikia kumwomba aongoze kundi la wauguzi. Naye Florence alikuwa amekwisha kuandika barua ya kujitolea, na barua hizo mbili zikapishana njiani. Tarehe 21 Oktoba 1854 aliondoka London na wanawake 38. Miongoni mwao 10 walikuwa watawa wa Kikatoliki, 14 walikuwa na masista wa Kianglikana na wenzao wa nyumba ya Mt. Yohana, na 14 waliobaki walitoka hospitali mbalimbali.

Walifika Scutari tarehe 4 Novemba. Mahali hapo ng'ambo ya Istanbul leo huitwa Üsküdar. Hospitali yenyewe ilikuwa kambi kubwa ya askari wa Kituruki iliyogeuzwa kuwa wodi, na wagonjwa walilala kwenye mistari mirefu katika vyumba na hata katika njia za kupitia. Madaktari wa jeshi hawakuwataka wanawake hawa. Florence hakugombana nao. Aliwaamuru wauguzi wake wasimguse mgonjwa mpaka daktari awaite, akawapa kazi ya kushona magodoro na kupanga vitambaa. Wengine walimwona ana moyo mgumu. Lakini alijua kwamba wakiingia kwa nguvu watafukuzwa wote. Siku chache baadaye, baada ya mapigano ya Inkerman, majeruhi walifurika, na madaktari wenyewe wakaja kuomba msaada.

Kutokana na michango ya wasomaji wa gazeti la The Times na fedha zake mwenyewe alinunua brashi za kusugulia, sabuni, mashati, sahani na vijiko. Alikodi nyumba ya kufulia, akawapa kazi wake wa askari. Ilipohitajika kutengenezwa sehemu iliyobomoka ili wapate nafasi wagonjwa 800 hivi, na wakuu wakawa wanaandikiana barua tu, yeye aliajiri mafundi akawalipa. Usiku alipita katika wodi. Taa yenyewe haikuwa ile ya picha nyingi tunazoziona, yenye umbo la birika dogo. Ilikuwa taa ya Kituruki ya kukunjwa, ambayo Waturuki huiita kwa jina ambalo sisi Waswahili tunalijua sana: fanusi. Baada ya hapo, usiku ukiwa mkubwa, aliketi kuandika: barua kwa wazazi wa waliokufa, na orodha ndefu za vitu alizompelekea Bwana Herbert.

Kuna jambo moja la Scutari lililotugusa sana. Maelfu ya mashati yaliletwa kwa meli kutoka Uingereza, lakini mtunza ghala hakuyafungua. Kanuni ilitaka kamati ikutane kwanza ili kuyakagua. Wiki zikapita, na askari walikuwa wakitetemeka kwa baridi karibu na mashati yao wenyewe.

Tuliposoma habari hiyo tulifunga kitabu. Zamani za kazi yetu tuliwahi kuwa katibu wa kamati ndogo ya kuwasaidia wagonjwa, mahali ambapo hatuna haja ya kupataja. Mablanketi 40 yalinunuliwa kwa michango ya watu, yakawekwa stoo. Utaratibu wetu ulitaka sahihi mbili kabla ya kutoa kitu chochote. Mwenzetu mwenye sahihi ya pili, aliyekuwa pia na ufunguo, alisafiri kwenda msibani. Ilikuwa miezi ya baridi. Mzee mmoja katika wodi alituomba blanketi mara mbili, nasi tukamwambia avumilie kidogo. Mablanketi yalikaa stoo wiki tatu, na mzee yule hakuzimaliza wiki hizo. Hatusemi kwamba alikufa kwa ajili ya blanketi, maana alikuwa mgonjwa sana. Lakini tulikuwa na mkono wa kuvunja kufuli, na hatukulivunja, kwa sababu tuliogopa kuulizwa. Mwisho wa mwaka tuliandika katika taarifa kwamba mablanketi 40 yamepatikana kwa ajili ya wagonjwa. Ilikuwa kweli tupu. Hatukuandika yalitolewa lini.

Turudi Scutari. Pamoja na bidii yote ile, askari waliendelea kufa, tena vifo viliongezeka. Mwezi wa Februari 1855 katika kila wagonjwa 100 walikufa 42 hivi. Katika majira yale ya baridi walikufa watu zaidi ya 4,000 pale Scutari, na wengi mno hawakufa kwa majeraha, bali kwa kuhara, kipindupindu na homa kali. Florence aliamini kwamba walikuwa wakiletwa wamekwisha kuchelewa, wakiwa wamedhoofika kwa njaa na baridi huko vitani. Mwezi wa Machi serikali ilileta tume ya usafi, iliyoongozwa na Dk. John Sutherland. Watu hawa walichimba wakakuta kwamba chini ya hospitali ile mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba, hewa mbaya ikipanda wodini, na katika mfereji wa maji ya kunywa kulikuwa na mzoga wa farasi. Wakasafisha mifereji, wakaondoa uchafu, wakapaka kuta chokaa, wakafungua njia za hewa. Kufika Juni, katika kila wagonjwa 100 walikufa kama wawili tu.

Florence mwenyewe aliugua homa mwezi wa Mei 1855 alipokwenda Balaclava, akakaribia kufa. Alipopona alirudi kazini mpaka vita vilipokwisha. Mwezi wa Agosti 1856 alirudi nyumbani kwa siri, akitumia jina la Bibi Smith, ili asilakiwe kwa ngoma na shangwe. Nchi nzima ilikuwa ikimsifu. Picha zake ziliuzwa madukani.

Hapo angeweza kupumzika. Badala yake alichukua daftari zake akaketi na Dk. William Farr, mtaalamu wa hesabu za vizazi na vifo. Walilinganisha hospitali moja na nyingine, mwezi na mwezi. Hesabu ikasema jambo ambalo hakulitarajia. Scutari, hospitali ile aliyokuwa akiifanyia kazi kwa moyo wake wote, ndiyo iliyokuwa na vifo vingi kuliko nyingine. Askari wengi hawakufa kwa sababu waliletwa wamechelewa. Walikufa kwa sababu waliletwa pale. Uchafu uliokuwa chini ya vitanda ndio uliowaua, huku yeye akipita juu yake na taa.

Tufikiri, wasomaji, mtu huyu alikuwa na njia gani mbele yake. Wananchi walimpenda. Hakuna aliyemtuhumu. Angenyamaza, sifa zake zingebaki. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini yapo maradhi ambayo mwenye kuyaficha hupewa nishani, na wanaoumbuka ni wengine watakaougua baadaye. Florence hakuficha. Aliandika kitabu kikubwa chenye hesabu zote, na mwaka 1858 alikichapisha kwa gharama yake akawagawia wakubwa. Kwa kuwa alijua kwamba wakubwa hawapendi kusoma safu za tarakimu, alichora michoro ya duara yenye rangi: buluu kwa waliokufa kwa magonjwa yanayozuilika, nyekundu kwa majeraha, nyeusi kwa sababu nyingine. Mtu yeyote aliyefungua ukurasa aliona buluu imetapakaa. Alionyesha pia kwamba hata wakati wa amani askari vijana waliokuwa kambini Uingereza walikuwa wakifa karibu mara mbili ya raia wa umri wao. Kambi na hospitali za jeshi zikaanza kurekebishwa. Mwaka huo huo alipokewa katika Chama cha Takwimu cha London, mwanamke wa kwanza kuingia.

Hapo ndipo tulipoikumbuka taarifa yetu ya mwaka na mablanketi yake 40.

Tangu wakati ule alizidai hospitali zote za hisani jambo moja: zihesabu. Wangapi wameingia, kwa ugonjwa gani, wangapi wamepona, wangapi wamekufa, wamekaa siku ngapi. Alitengeneza fomu za aina moja, ili hospitali zilinganishwe. Alieleza ya kuwa kwa njia hiyo mfadhili ataweza kujua fedha yake imefanya nini, na kama imefanya mema au madhara. Wafadhili wengi walikuwa wamezoea kuona jina lao kwenye orodha ya wachangiaji na kuridhika.

Kulikuwa pia na fedha. Mwaka 1855, yeye angali Uturuki, mkutano mkubwa wa watu ulifanyika London na mfuko ukafunguliwa kwa jina lake. Zilipatikana pauni kama 45,000, nao askari wakatoa mshahara wa siku moja. Hakuchukua hata senti kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka 1860 mfuko huo ulifungua shule ya wauguzi katika hospitali ya Mt. Thomas, London. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 15, chini ya Bibi Wardroper, mkuu wa wauguzi wa hospitali. Mafunzo yalikuwa ya mwaka mmoja, na mfuko uliwalipia chakula na mavazi, pamoja na pauni 10 za matumizi.

Sisi tuliokaa vyuoni tunajua kwamba shule ikifunguliwa kwa shangwe inaweza kulegea kimya kimya. Ndivyo ilivyokuwa. Alipoichunguza kwa makini, mnamo mwaka 1872, aligundua kwamba masomo yaliyoahidiwa yalikuwa hayatolewi sawasawa, na wanafunzi walitumiwa kama vibarua wa wodi. Kwa mara nyingine alikuta jina lake likisifiwa mahali ambapo mambo hayakuwa mazuri. Hakuifunga shule wala hakuikana. Alibadilisha mafunzo, akawaita wanafunzi nyumbani kwake mmoja mmoja kuongea nao, na akaanza kuwaandikia barua ndefu za mawaidha mara kwa mara.

Miongoni mwa wale waliofunzwa Mt. Thomas alikuwako Agnes Jones, binti wa jamaa ya Ireland. Mjini Liverpool mfanyabiashara mmoja mwenye huruma, Bwana William Rathbone, aliona jinsi maskini wagonjwa 1,200 hivi katika nyumba ya maskini wa mji walivyouguzwa na maskini wenzao wasiojua kazi. Alimwandikia Bibi Nightingale, akakubali kulipia gharama yeye mwenyewe kwa miaka ya mwanzo. Mwaka 1865 Agnes Jones alikwenda huko na wauguzi 12. Kwa miaka mitatu alifanya kazi ambayo hakuna aliyeiamini kuwa inawezekana. Mwezi wa Februari 1868 alikufa kwa homa aliyoipata wodini, akiwa na miaka 35 tu. Lakini wakuu wa mji walikuwa wamekwisha kuona faida ya kazi yake.

Tusimfanye Bibi Nightingale malaika. Alikuwa mkali kwa wasaidizi wake, na aliwachosha rafiki zake kwa kazi. Bwana Herbert alifanya kazi naye huku akiwa mgonjwa mpaka alipokufa mwaka 1861. Kwa miaka mingi alishikilia kwamba magonjwa huletwa na hewa chafu, na alichelewa kukubali elimu ya vijidudu. Tena hakuwa peke yake huko Crimea. Mary Seacole, mwanamke wa Jamaika mwenye damu ya Kiafrika, aliomba London kwenda kuuguza akakataliwa. Alisafiri kwa fedha zake, na mwaka 1855 akafungua nyumba yake karibu na Balaclava, akawapa askari chakula na dawa. Jina lake lilisahauliwa miaka mingi, na ni haki likumbukwe.

Ugonjwa uliompata Crimea haukumwacha kabisa. Tangu mwaka 1857 alikaa zaidi ndani ya nyumba, mara nyingi kitandani, na kutoka humo aliandika maelfu ya barua kuhusu hospitali, usafi wa vijiji na mafunzo ya wauguzi. Mwaka 1907 mfalme alimpa nishani ya Order of Merit, mwanamke wa kwanza kuipata. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Jamaa zake walipewa nafasi ya kumzika Westminster Abbey, wakaikataa. Askari sita walilibeba jeneza lake hadi uwanja wa kanisa dogo la kijiji, East Wellow, karibu na nyumba ya utoto wake. Kwenye jiwe la kaburi la jamaa hiyo, sehemu yake ina herufi mbili tu za jina, pamoja na miaka yake.

Wapendwa, sote tunaijua habari ya Msamaria Mwema. Tunapoihubiri tunasimama sana kwenye mafuta na divai aliyomtia yule majeruhi katika jeraha zake. Hatusimami sana pale alipompa mwenye nyumba ya wageni fedha, na kuahidi kwamba akirudi atalipa kilichozidi. Lakini huko nako kulikuwa kuuguza. Msamaria yule alikumbuka kesho yake. Alikusudia kurudi na kuona kama mgonjwa amepona, na kujua ni kiasi gani kimetumika.

Basi sisi tunaochaguliwa kushika funguo za stoo na madaftari ya michango, tusijidharau kwa kuwa hatushiki taa. Wala tusijiamini mno kwa kuwa nia yetu ni njema. Bibi Nightingale alikuwa na nia njema Scutari. Tuulize kila mwisho wa mwezi: vitu vilivyochangwa vimemfikia nani, na vilimfikia lini? Na jibu likiwa la aibu kwetu, tuliandike hivyo hivyo katika taarifa, ili atakayeshika ufunguo baada yetu asimwambie mzee mwingine avumilie kidogo.